Bima ya bandani si yako: kwa wanaofundisha kupanda farasi Uingereza

Mwaka wangu wa pili Uingereza nilikuwa nafundisha watoto kupanda farasi kila Jumamosi, kwenye banda la mtu, nalipwa kwa saa. Asubuhi moja upepo ukapeperusha mfuko wa plastiki kando ya uzio, poni akaruka pembeni, na binti wa miaka tisa akaangukia mkono. Kifundo kikavunjika. Mama yake alinishukuru kwa namna nilivyomtuliza mtoto. Miezi minane baadaye ikaja barua ya mawakili.

Nikaipeleka kwa mwenye banda nikidhani bima yake inatukinga sote. Hata hakuimaliza kuisoma. "Wewe si mfanyakazi wangu," akasema, "unaniletea ankara kila mwisho wa mwezi." Alikuwa sahihi. Bima yake inamkinga yeye na aliowaajiri. Mimi ni biashara nyingine iliyosimama kwenye uwanja uleule. Kilichoniokoa ni Mkenya mmoja, zamani saisi pale Ngong, aliyenisumbua mwaka mzima mpaka nikakata bima yangu mwenyewe.

Kwa lugha ya nyumbani, bima hii, iitwayo bima ya dhima, ni kama bima ndogo ya gari: inamlipa uliyemuumiza au uliyemharibia mali, na inagharamia mawakili wa kukutetea. Wewe ukivunjika mguu haikupi hata senti. Hiyo ni kazi ya bima ya ajali binafsi, nayo usiidharau, maana aliyejiajiri hana mwajiri wa kumlipa siku za ugonjwa. Tofauti na gari, sheria ya Uingereza haimlazimishi mwalimu anayefundishia farasi wa wengine kuwa na bima hii, lakini mabanda mengi hayakuruhusu kuanza kazi mpaka uonyeshe cheti chako.

Ukiongea na dalali wa bima, hakikisha mambo mawili yamo. Moja ni dhima kwa umma, mfano farasi akipiga teke gari la mzazi. Jingine ni dhima ya kitaaluma, yaani madai kwamba mafundisho yako yenyewe ndiyo yaliyoleta madhara: ulimrusha kiunzi mtu ambaye bado hajajua kukaa kwenye tandiko. Kwa mwalimu hili la pili ndilo roho ya kazi, na bima za bei poa hupenda kuliacha nje.

Halafu kuna farasi mwenyewe. Mteja akikuachia farasi wake umfunze wiki mbili, akaumia mikononi mwako, bima ya kawaida mara nyingi hailipi, kwa sababu mali ya mtu iliyo chini ya uangalizi wako huhesabiwa kivyake. Omba kipengele hicho kiongezwe kwa maandishi. Na ukifundishia farasi wako mwenyewe kwa malipo, England unahitaji leseni ya halmashauri chini ya kanuni za mwaka 2018. Bila leseni usitegemee kampuni ikusikilize.

Sheria ya Wanyama ya 1971 inaweza kumbana mwenye farasi, au aliye naye mikononi, hata kama hakuzembea. Mwaka 2003 mahakama ya juu ya wakati huo iliamua hivyo katika kesi ya farasi waliotoroka malishoni usiku kwa hofu na kusababisha ajali barabarani. Kwa hiyo "sikukosea" si kinga kamili.

Binamu yangu aliyeko Texas alinihakikishia kwamba kibao cha onyo na saini ya mteja vinatosha. Huko kwao sheria za farasi zina unafuu wake. Uingereza hapana: karatasi ya kukubali hatari haikuondolei dhima ya kifo au majeraha yaliyotokana na uzembe wako. Mimi bado nawapa wateja wasaini, lakini kama kumbukumbu kwamba niliwaeleza hatari.

Kampuni ya bima iliponipigia, haikuuliza kama ninampenda yule mtoto. Iliuliza: kofia ilikuwa ya kiwango gani, nani aliikagua, poni huyo alishawahi kupandwa naye, nilikuwa nimesimama wapi, na nilisema nini sekunde ile. Nilikuwa na daftari la shule lenye mistari mitatu kwa kila somo. Kofia niliandika "PAS 015, nimekaza mkanda mwenyewe". Mstari huo ulinisaidia kuliko cheti changu cha ualimu.

Daftari usilitupe. Kwa England, mtu mzima ana miaka mitatu ya kudai, lakini kwa mtoto hesabu huanza akifikisha 18, kwa hiyo binti wa miaka tisa anaweza kudai mpaka afike 21. Ndiyo maana uliza kama bima inaangalia tarehe ya ajali au tarehe ya dai. Ya tarehe ya dai ukiiacha ikafa, ajali za zamani zinabaki bila mwenyewe.

Kwenye fomu taja kila kitu: viunzi, watoto, wanaoanza, matembezi ya barabarani, madai ya nyuma. Ukificha viunzi ili upunguziwe ada, ujue siku ya kiunzi uko peke yako. Ukimlipa kijana akushikie farasi, huenda ukahitaji bima ya mwajiri, ambayo ni lazima kisheria: si chini ya pauni milioni 5, na faini inaweza kufika pauni 2,500 kwa kila siku usiyokuwa nayo.

Na viza, ndugu zangu. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri. Wategemezi wengi wanaruhusiwa, lakini viza yao hukataza kazi ya mwanamichezo wa kulipwa, na ukocha umo humo. Muulize mshauri wa uhamiaji kwanza, dalali wa bima baadaye.

Dai langu liliisha kwa makubaliano. Mimi nikatoa pauni 250 za mfukoni zilizoandikwa kwenye mkataba. Desemba nilipokwenda likizo Usa River, rafiki akaniomba nimfundishe mwanawe. Nikafungua mkataba kwenye simu, ukurasa wa mipaka ya nchi: Tanzania haimo. Tukaishia kumpiga poni brashi.