Kuezeka uani Mbeya: jinsi ya kuomba kibali

Jua la Mbeya linachoma hata siku ya baridi, na Novemba ikiingia mvua haikawii. Ndiyo maana wengi wetu tunataka kuongeza paa nyuma ya nyumba, tupate pa kukaa, kupikia na kuanika. Fundi atakwambia ni kazi ya siku tatu. Lakini paa lililoshikana na nyumba ni nyongeza ya jengo, na kwa mjini nyongeza ya jengo huombewa kibali halmashauri kabla ya kuchimba shimo la nguzo.

Anza na karatasi za umiliki: hati au barua ya toleo, pamoja na risiti ya kodi ya pango la ardhi. Kama kiwanja hakijapimwa, chukua karatasi ya mauziano, pitia kwa mtendaji wa mtaa, kisha uulize ofisi ya ardhi ya halmashauri kabla hujatumia hata senti.

Halafu chukua tepu uingie uani. Fyeka nyasi mpaka uzione bikoni, yaani alama za zege za mpaka wa kiwanja. Pima kutoka mpakani hadi pale nguzo itakaposimama, kisha tafuta chemba ya majitaka na shimo la choo. Hapa ndipo nilipoumia. Nilinunua bati kwanza, nguzo ya kona ikasimamishwa kwenye ukingo wa mfuniko wa chemba. Bwana afya alipofika alitaka kuona mfuniko unafunguliwa, haukufunguka. Nguzo iking'olewa, zege lake haliokoteki.

Sasa mwite mchora ramani. Mpe vipimo vyako, na usimruhusu akuchoree paa peke yake. Ramani ioneshe nyumba iliyopo, nyongeza, mipaka, choo, njia ya kuingilia, na maji ya paa yanakoelekea. Hili la maji lisisitize sana. Viwanja vyetu vingi vimekaa kwenye mteremko, na paa linaloinamia kwa jirani wa chini litamjazia maji jikoni msimu mzima. Weka gata na bomba la kushusha maji, yaishie kwenye mtaro au tangi lako. Zungumza na jirani huyo mapema, kwa heshima, akiwa bado hajaona mbao zikishushwa. Mbao za paini kutoka Mufindi zinafaa, ila ziwe zimetiwa dawa.

Maombi hupelekwa kwa njia ya mtandao kupitia TAUSI, mfumo wa huduma za halmashauri, ukiwa na namba yako ya NIDA. Usipoweza mwenyewe, nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri wakuelekeze. Faili litapita kwa wataalamu wa mipango miji, ardhi, ujenzi na afya, na huenda wakaja kuona eneo. Chemba iache wazi siku hiyo. Ada ilipe kwa namba ya malipo ya serikali tu, na risiti uitunze. Atakayetaka umkabidhi fedha mkononi, mkatalie.

Kibali kikitoka, soma masharti yake yote, na utoe taarifa kabla ya kumwaga zege ili mkaguzi aje. Asubuhi hiyo shika nakala ya ramani yenye muhuri, mpime na fundi shimo moja moja kuanzia kwenye bikoni, kabla toroli la kwanza halijamwagwa.