Ufundi wa viatu vya farasi: hesabu farasi kwanza, ada baadaye

Wengi wanaofikiria kusomea kazi hii huuliza ada ya chuo kabla ya kitu kingine chochote. Mara nyingi ada si mzigo mkubwa kuliko yote. Kinachomaliza akiba ya fundi mpya ni miezi inayofuata cheti, pale ana zana zote ila farasi wa kuwahudumia ni kumi tu.

Kwa hiyo chukua daftari uanze na farasi. Kwato hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, na ikishakua, kiatu hakikai tena mahali pake na misumari hulegea. Ndiyo maana farasi anayevaa viatu hurudiwa kila wiki 6 hadi 8. Ukichukua wiki 6, farasi mmoja ni karibu ziara 9 kwa mwaka. Farasi 120 wa kudumu ni ziara 20 kwa wiki, yaani farasi 4 kwa siku kwa siku 5. Hiyo ni kazi ya kumtosha mtu mmoja kabisa: fundi mzoefu hutumia kama saa 1 au zaidi kidogo kwa viatu vinne, anayeanza huzidisha saa 2, na bado kuna barabara.

Sasa orodhesha mazizi unayoweza kuyafikia ndani ya saa moja, kisha uondoe yale yenye fundi wao wanayemwamini. Kwa anayekaa Nairobi orodha huanza Karen na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road. Farasi wa polo wa Gilgil wako zaidi ya kilomita 100, safari isiyolipa mpaka uwe na farasi kadhaa wa kufanya siku hiyo hiyo. Zizi moja lenye farasi 8 lina faida kuliko mazizi 8 yenye farasi mmoja mmoja.

Halafu tafuta kinachobaki mfukoni kwa kila ziara. Kwenye malipo yako toa bei ya viatu 4, misumari 24 hadi 32, gesi ya tanuri, mafuta ya gari na sehemu ya bei ya tupa, kwa sababu tupa huisha makali haraka na tupa butu unaisukuma kwa mgongo. Tuchukue tarakimu za kukokotolea tu: ukibaki na shilingi 2,000 kwa ziara, na nyumbani unatumia 60,000 kwa mwezi, unahitaji ziara 30 kwa mwezi, sawa na farasi 42 wa kila wiki 6. Ukipata farasi 3 wapya kila mwezi, utafika huko baada ya miezi 14. Pengo kati ya mapato na matumizi linapungua kadiri farasi wanavyoongezeka, kwa hiyo chukua nusu: 60,000 × 14 ÷ 2 = 420,000. Fedha hizo ziweke kwenye gharama ya mafunzo pamoja na ada, chakula na kodi ya muda wa masomo, na zana. Asiyeziweka ndiye anayeuza fuawe yake, chuma kizito cha kufulia viatu, mwaka wa kwanza.

Njia za kusoma zinatofautiana sana. Uingereza, sheria ya mwaka 1975 inamzuia asiyesajiliwa kumvisha farasi viatu. Huko unajifunza kwa uanagenzi wa miaka 4 chini ya fundi aliyeidhinishwa kufundisha, unakwenda chuoni kwa vipindi, kisha unafanya mtihani wa diploma ya Worshipful Company of Farriers, chama cha mafundi hao cha London. Mwanagenzi analipwa, ingawa kidogo, na ugumu mkubwa ni kumpata fundi wa kukupokea. Marekani hakuna leseni ya taifa zima. Kozi huanzia wiki chache hadi miezi kadhaa. Ya Chuo Kikuu cha Cornell ni wiki 16. Vyeti vya chama cha mafundi wa huko, American Farrier's Association, ni vya hiari, na katika daraja la juu mtahiniwa hufua viatu kwa mkono wake mwenyewe.

Kozi fupi si mbaya ikiwa unajua unachonunua. Kabla ya kulipa, uliza kila mwanafunzi huvisha farasi wangapi peke yake, mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi, na ni saa ngapi za kufua chuma. Wiki 8 za siku 5, farasi mmoja kwa siku, ni farasi 40. Ukiambiwa wanafunzi watatu hugawana farasi mmoja, hao ni 13. Idadi hiyo haimtoshi mtu kufanya kazi bila msimamizi, kwa hiyo panga mwaka mmoja au miwili ya usaidizi kwa fundi mzoefu, kwa malipo madogo, na uuingize kwenye hesabu.

Sababu ya kutokukimbilia ni msumari. Ncha yake imechongwa upande mmoja, na upande huo huelekezwa ndani ya kwato ili msumari ujipinde kwenda nje. Unaingilia kwenye mstari mweupe, yaani mpaka kati ya ukuta mgumu wa kwato na wayo wake, au nje yake kidogo. Sauti ya nyundo huwa ngumu na kavu msumari ukipita kwenye ukuta wa kwato. Ikiwa laini na farasi akavuta mguu, simama, chomoa. Damu kwenye tundu maana yake umefika kwenye nyama: safisha kwa ayodini, acha tundu hilo bila msumari, mwambie mwenye farasi papo hapo, na uulize chanjo ya pepopunda, kwa kuwa farasi huathirika nayo vibaya. Usipofanya hivyo, baada ya siku chache anaweza kuchechemea kwa jipu, nawe utarudi bila malipo na pengine kupoteza zizi zima. Bima ya kazi isikosekane kwenye bajeti yako.

Zana usizinunue zote siku moja. Kisu cha kwato, koleo la kukatia, tupa na aproni ya ngozi vinatosha kuanza kukata kwato za farasi wasiovaa viatu. Fuawe ya kilo 30 hadi 50 na tanuri la gesi vinaweza kungoja.

Kwa punda wa Lamu zana hizo nne zinatosha, kwa kuwa wanatembea bila viatu. Ila usikate kwa kipimo cha farasi: kwato ya punda imesimama zaidi, na ukiilaza unavuta kano za mguu. Wenye punda wengi hawana uwezo wa kulipa sana, kwa hiyo ihesabu kama kazi ya kuongezea.

Mgongo na magoti navyo vina bei. Teke moja linaweza kukulaza wiki sita, na hakuna likizo ya malipo kwa aliyejiajiri. Weka akiba ya miezi 3. Kabla ya kutoa hata shilingi ya ada, omba kumsaidia fundi kwa siku 10 mfululizo, ukiinua miguu ya nyuma ya kila farasi, na uandike kila jioni wangapi ulimaliza.