Unatoka Dar kwenda kutafuta spishi mpya msituni? Anzia kwa wenyeji

Kama unapanga kutoka Dar kwenda Udzungwa au Rungwe kutafuta mmea au mnyama ambaye sayansi haijamwandika, kibali cha utafiti anza kukifuatilia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) pale Sayansi ukiwa bado mjini, na kama ni wanyama kuna TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) pia. Ukifika kijijini pita kwanza kwa mtendaji na mwenyekiti ujieleze.

Baada ya hapo ndo kazi inaanza, yaani kukaa na wazee, waliowahi kuwinda, wachimba dawa, kina mama wanaookota kuni. Toa shikamoo, kaa chini, simu iache mfukoni, maana ukikimbilia kuonyesha mapicha mtu atakujibu kile anachoona unataka kusikia. Wewe uliza tu hapa kuna kima wa aina ngapi, kila mmoja anaitwaje, analiaje, anakula nini. Ukisikia jina ambalo kitabu chako hakina, hilohilo lifuate. Yule kima anayeitwa kipunji alipatikana hivo, wawindaji wa Kinyakyusa kule Rungwe walikuwa wanamtaja, timu ya mtafiti Tim Davenport ikafuatilia mpaka ikamwona 2003, na 2006 akapewa jenasi yake (kundi la spishi za karibu), mpya ya kwanza kwa kima wa Afrika tangu 1923! Hata sufuria usiidharau, yule kwale wa Udzungwa watafiti walimshtukia 1991 kwa miguu yake kwenye chungu cha mboga kambini.

Mzee mmoja aliyenitembeza alichuma majani mawili, mimi naona ni yaleyale, akayafikicha akanipa ninuse, moja linanukia embe bichi, lingine halina kitu. Kwake ni miti miwili na majina mawili. Kitu kama hicho andika palepale: jina linavyotamkwa, nani kakwambia, mwinuko, na rangi ya ua kabla hujalibana kwenye gazeti maana likikauka inapotea. Chukua tawi lenye ua au tunda, majani matupu yanasumbua sana kutambua, na nakala moja ifike hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walinganishe.

Akikutajia dawa, usiandike mpaka akuruhusu. Posho mlipe kila siku, na makala ikitoka jina lake likae na waandishi, inaniuma sana kuona mtu kaonyesha kila kitu halafu anaandikwa "wenyeji wa eneo" basi. Halafu rudi umpe majibu. Ule mti wa harufu ya embe bado unalinganishwa, mzee kashanipigia mara tatu kuuliza, nikipata jibu napanda basi pale Mbezi nikamwambie mwenyewe.