Ukitaka riwaya ya mapenzi itakayokuchekesha, anza hivi

Mwaka wa kumi na moja huu nasimamia nyumba ya wageni hapa Shela, Lamu, na kazi hiyo ndiyo iliyonifanya msomaji. Mgeni akimaliza kitabu hukiacha kwenye rafu ya ukumbini, akachukua kilichoachwa na mwenzake. Masika yakiingia, kuanzia Aprili, vyumba huwa vitupu na rafu imejaa. Ndipo ninaposoma. Wasichana wa mtaani hunijia: dada, nataka cha mapenzi, lakini kinichekeshe, kisinilize. Nianze na kipi?

Usitazame jalada. Mengi yanafanana kama ndugu wa baba mmoja: rangi kali, na mwanamume na mwanamke wamechorwa wakipeana mgongo. Geuza nyuma, soma ile aya ya muhtasari, ujiulize swali moja tu: nini kinawazuia hawa wawili? Kwamba watapatana, unajua tangu ukurasa wa kwanza. Utamu wote umo kwenye kizuizi, na kikiwa ni kizuizi unachokijua kwenu, chukua.

Kwa hiyo msomaji wa Lamu mimi humpa kwanza Sofia Khan Is Not Obliged ya Ayisha Malik, iliyotoka 2015. Sofia ni Mwislamu wa London, anavaa hijabu, anafanya kazi kwa wachapishaji. Amemwacha mchumba wake kwa sababu alitaka wakaishi na wakwe, tena kwenye nyumba iliyotobolewa ukuta ili iungane na ya pili. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu. Kule mji wa kale, mtaa wa Mkomani, nyumba za ndugu zimeunganishwa kwa wikio, yaani kivuko kilichojengwa juu ya kichochoro, tangu zama za mabibi zetu, na kila aliyeolewa huko anajua: mama mkwe huingia jikoni mwako bila kushuka njiani. Kichekesho kama hicho hakitaki kamusi.

Ukimaliza hicho, tafuta Hana Khan Carries On ya Uzma Jalaluddin, ya 2021. Familia ya Hana ina mkahawa wa chakula cha halali mjini Toronto, Kanada. Mara mkahawa mwingine unakuja kufunguliwa mtaa uleule, na mwenyewe ni kijana mzuri wa sura. Hebu fikiria wauza mahamri wawili ubavu kwa ubavu, halafu mtoto wa huyu ampende mtoto wa yule! Mwandishi huyu haingii chumbani na wahusika wake, kwa hiyo kitabu unaweza kukiacha mezani mbele ya mama. The Hating Game ya Sally Thorne, ya 2016, ni ya watu wawili wanaochukiana huku meza zao zimeelekeana ofisini. Inachekesha sana, lakini kurasa za chumbani zimo. Lijue hilo kabla hujamwazima mdogo wako.

Kama Kiingereza hukuchosha, chukua The Rosie Project ya Graeme Simsion, ya 2013. Msimulizi, Don Tillman, ni profesa wa jenetiki Melbourne, Australia, na ametunga hojaji ya kurasa 16 ya kumtafutia mke. Husema mambo moja kwa moja kama mtu anayesoma orodha ya dukani, ndiyo sababu wanaoanza humfuata bila shida. Anayependa Nairobi asome A Guide to the Birds of East Africa ya Nicholas Drayson, ya 2008, ambamo wazee wawili wanashindana kuhesabu aina za ndege kwa wiki moja, mshindi apate kumwalika mwanamke mmoja kwenye dansi. Ni tamu, ila huenda taratibu. Usianze nayo.

Sasa, kusoma kwenyewe. Usisimame kila neno. Pigia mstari kwa penseli, uendelee. Ukifika ukurasa wa hamsini na kizuizi hakijakugusa, kirudishe rafuni bila haya. Na kurasa kumi za kwanza zisome kwa sauti, uwe na mtu wa kukusikiliza. Mimi ninaye shangazi yangu, hasomi Kiingereza. Humsimulia jioni barazani, kwa Kiamu chetu, yeye akichambua mchele. Kitabu kikiwa kibovu husinzia. Kikiwa kizuri hunikatiza: “Na mamake asemaje?” Riwaya ambayo mama wa binti hana la kusema humo, shangazi haitaki, na mpaka leo sijaona alipokosea.

Hewa ya bahari huvimbisha karatasi, basi vitabu visimamishe wima, mbali na dirisha la upande wa pwani. Na ukimwazima mwenzako, usimwambie mwisho. Shangazi ananibembeleza tangu Ijumaa nimwambie kama mkahawa wa kina Hana utafungwa, nami nimekataa.