Kuzalisha koridorasi kwa maji ya mvua

Koridorasi ni kambale wadogo wa Amerika Kusini, na wengi wao huko kwao hutaga mvua zinapoanza. Kazi yako ni kuwaletea mvua hiyo ndani ya tangi. Kwa Dodoma chagua Corydoras paleatus, mwenye madoa meusi, kwa sababu anavumilia usiku wa baridi wa Juni na Julai.

Tangi la lita 60 linatosha majike wawili na madume wanne. Ukiwatazama kwa juu, jike ni mpana zaidi. Chini tandaza mchanga laini, maana kokoto zenye ncha huumiza sharubu. Weka chujio la sponji na pampu ya hewa. Kwa wiki mbili walishe viluwiluwi vya mbu au minyoo mara mbili kwa siku. Jike mwenye njaa hajazi mayai.

Sasa maji, na hapa ndipo wengi hukwama. Maji ya visima vya Dodoma mara nyingi ni magumu na yana chumvichumvi. Kinga maji ya mvua, ukimwaga yale ya mwanzo yanayosafisha vumbi la bati. Toa theluthi moja ya maji ya tangi, kisha jazia ya mvua yaliyo baridi kwa nyuzi 3 hadi 5 kuliko yaliyobaki. Rudia kesho yake na keshokutwa. Usibadilishe yote kwa mkupuo, samaki watashtuka na wanaweza kufa. Kiangazi tumia maji ya mvua uliyohifadhi, uyapoze kwa chupa ya barafu iliyofungwa. Maji ya bomba yenye klorini yalale kwenye ndoo wazi saa 24.

Mara nyingi mayai huonekana asubuhi, yamenata kwenye kioo. Yahamishe siku hiyohiyo, wazazi huyala. Yabandue taratibu kwa kidole, uyaweke kwenye chombo cha lita 5 chenye maji ya tangi lilelile, jiwe la hewa (kijiwe cha kutoa viputo kinachofungwa kwenye mpira wa pampu) na jani moja kavu la mti wa mkungu la kupunguza ukungu. Yai jeupe limeharibika. Litoe kabla halijaambukiza mengine.

Huanguliwa baada ya siku 3 hadi 5. Vifaranga hula kiini chao siku mbili hivi, kisha wape artemia wachanga (vijidudu vya maji ya chumvi vinavyofanana na kamba), kidogo, mara tatu kwa siku. Kiini cha yai la kuku kinafaa kwa dharura tu, kwani huchafua maji haraka. Wengi hufa kwa uchafu wa chini kuliko kwa njaa, hivyo nyonya mabaki kila siku kwa mpira mwembamba na ubadilishe robo ya maji. Umeme ukikatika, tumia pampu ya betri.