Picha mezani, mhudumu aseme: kufanya utafiti wa uzamili katika hoteli za Mji Mkongwe

Wanafunzi wa uzamili wa utalii na hoteli huniletea tasnifu ambazo picha zake zimerundikwa kwenye kiambatisho: hazina namba, hazina maelezo, na hakuna aya hata moja inayozirejelea. Wale wa sanaa na upigaji picha nao huja na picha nzuri za hoteli zisizosema lolote juu ya kazi inayofanyika humo. Utafiti wangu wa uzamili niliufanya Unguja, katika hoteli ndogo za Mji Mkongwe, nikitumia picha kuwahoji wahudumu wa vyumba. Nimekuwa nikiifundisha njia hiyo tangu wakati huo, na hapa naieleza kwa yeyote anayetaka kuifuata.

Anza na swali linalohitaji picha

"Ubora wa huduma katika hoteli za Zanzibar" si swali. Ukilishika hilo utaishia kugawa hojaji ya kupima ubora wa huduma iitwayo SERVQUAL, yenye vipengele 22, ile ya Parasuraman, Zeithaml na Berry ya mwaka 1988, na kamera yako itabaki mkobani. Hojaji hiyo ina mahali pake, lakini humuuliza mgeni. Mimi nilitaka kujua picha zinazouza chumba mtandaoni zinamwongezea kazi gani yule anayekiandaa.

Tazama jinsi mambo yanavyoshikana. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, kwa hiyo vyumba vingi ni virefu na vyembamba, upana wake kama mita 3 hivi. Mji uliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kuna Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mwenye hoteli hawezi kubomoa ukuta apendavyo ili apate nafasi. Basi nafasi inatafutwa kwa lenzi. Mpiga picha anaingia na lenzi pana ya milimita 16, anajibanza pembeni, na chumba kinatoka kama ukumbi wa harusi. Mgeni akifika anakikuta kidogo, na lawama zinamwangukia aliye mapokezi.

Ukuta nao una yake. Unyevu na chumvi hupanda, plasta hupukutika, hasa pale palipopakwa saruji juu ya ukuta wa chokaa, maana saruji huzuia unyevu usitoke. Unga ule huangukia shuka jeupe. Anayeufuta kila asubuhi ni mhudumu wa chumba, na msimamizi akipita, yeye ndiye anayeambiwa hajasafisha. Hapo ujenzi, upigaji picha na usimamizi wa hoteli vimekutana katika shuka moja. Tafuta swali la namna hiyo, lililo dogo kiasi cha kushikika.

Vibali, na idhini iliyo idhini kweli

Zanzibar ina utaratibu wake wa kibali cha utafiti, mbali na ule wa COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, wa Tanzania Bara. Usije na karatasi ya Bara peke yake. Ukichagua Lamu, Kenya, utaanzia NACOSTI, tume ya huko inayotoa vibali vya utafiti. Ukishafika mtaani, nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa huo, na barua yako kabla hujatoa kamera.

Idhini ya mtu ni jambo jingine, na hapa nakuomba usifanye haraka. Andika fomu kwa Kiswahili na utenge ruhusa tatu: kupigwa picha, picha kuonyeshwa watu wengine, na picha kuchapishwa kwenye tasnifu. Wapo kinamama wengi watakaokubali upige mikono yao ikitandika lakini si uso. Hilo linatosha kabisa; mikono ndiyo inayofanya kazi unayoichunguza.

Kubaliana na meneja mapema, kwa maandishi, kwamba hataonyeshwa picha wala kusikilizishwa mahojiano ya mtu mmoja mmoja. Picha ya bomba linalovuja inaweza kumfukuzisha mtu kazi. Meneja asiyekubali sharti hilo, mshukuru, utafute hoteli nyingine. Usilegeze hapa hata kama msimamizi wako wa chuo anataka idadi kubwa ya hoteli.

Kupiga picha za ushahidi

Masika, Machi hadi Mei, wageni hupungua na wahudumu hupata muda wa kuzungumza. Ukitaka kuona kazi ikiwa imepamba moto, nenda kuanzia Juni. Ramadhani panga mazungumzo asubuhi, si alasiri watu wakiwa wamechoka na wanawaza futari.

Piga kwa lenzi ya milimita 35 au 50 kwenye kamera ya fremu kamili (full frame), usimame mlangoni, kimo cha macho. Kamera kuu ya simu kwa kawaida ni pana zaidi, karibu na milimita 24 hadi 26, basi andika kwenye daftari ulitumia ipi. Kila chumba kipige kutoka mahali palepale, mara moja kabla hakijasafishwa na mara moja baadaye. Usiwashe flashi. Panga mizani ya rangi nyeupe (white balance) mwenyewe, kwa sababu taa ya manjano ya kitandani na mwanga wa dirishani vikichanganyika, kamera itakudanganya kuhusu rangi ya ukuta. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, lenzi hushika ukungu. Iache ndani ya mkoba kwanza izoee joto.

Faili halisi lisiguswe. Fanya kazi kwenye nakala, na uondoe taarifa za mahali ambazo simu huziweka ndani ya picha.

Ukihitaji kulinganisha na zamani, nenda Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani. Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, nayo inafaa kutembelewa na kila mwanafunzi wa picha.

Kuhoji kwa picha

John Collier, mpiga picha na mwanaanthropolojia wa Marekani, aliieleza njia hii kwenye makala yake ya mwaka 1957: ukiweka picha mbele ya mtu, mazungumzo hutoka kwenye jibu la adabu na kuingia kwenye mambo yenyewe. Ndivyo ilivyo. Ukimuuliza mhudumu "kazi inaendaje?" atakujibu "Alhamdulillahi, salama." Mwekee picha ya kitanda kilichopambwa maua, uone.

Safisha picha studio kwa ukubwa wa sentimita 10 kwa 15, kila moja na namba nyuma. Changanya ulizopiga wewe na zile hoteli inazotangazia. Zitandaze mezani, msalimie mtu kwa heshima yake, kaa chini kama yeye, kisha sema: "Nieleze hapa pana nini." Nyamaza. Usimsaidie kujibu.

Mama mmoja aliishika picha ya kitanda chenye petali nyekundu na taulo zilizokunjwa umbo la bata, akaniambia petali zile huacha doa, na shuka la doa hulirudia yeye kulifua. Kwenye picha ya ngazi hakuangalia ngazi, aliangalia ndoo. Nyumba haina lifti, na maji ya kudekia hupanda kwa mkono hadi juu. Hakuna swali langu hata moja lililokuwa na ndoo ndani yake.

Kila mnaposhika picha mpya, taja namba yake kwa sauti: "Sasa tunaangalia namba tisa." Bila hivyo, ukirudi nyumbani utasikia "hiki hapa" na "kile pale" usijue ni nini.

Uchambuzi na kuchapisha

Tengeneza jedwali la safu tatu: namba ya picha, maneno yaliyosemwa juu yake, na mada unayoiona. Fanya hivyo kwa Kiswahili kwanza hata kama tasnifu itaandikwa Kiingereza. Picha ambayo kila mtu aliiruka pia iandike.

Kwenye tasnifu, picha ikae ukurasa uleule yanapoelezwa maneno yake. Na kabla ya kupeleka kwa mfunga vitabu, chapisha ukurasa mmoja wa majaribio kwenye mashine ileile itakayotumika: vyumba vya Mji Mkongwe vina giza, na mashine nyingi za maduka ya steshenari huzidisha weusi hadi plasta iliyopukutika isionekane. Ongeza mwanga kwenye nakala ya kuchapishia, uandike chini ya picha kwamba umeongeza.