Uyoga wa friji: jasho au ute?

Joto la Mombasa, hasa wakati wa kaskazi, huufanya uyoga uliotoka kwenye friji utote maji kwa dakika chache tu. Wako wanaoutupa wakidhani umeharibika, na wako waliokwisha kuyazoea maji hayo hata wakala ulioharibika kweli. Basi tofautisha kwanza jasho na ute.

Futa kofia ya uyoga kwa kitambaa kikavu, kisha pitisha kidole. Kama lilikuwa jasho, juu patakuwa pakavu na kidole hakitelezi. Ute haukubali kufutika hivyo: kidole kitaendelea kuteleza, na ukibana vidole viwili kisha ukaviachanisha, vitanata. Ute huo ni kazi ya bakteria wanaoila ngozi ya uyoga. Usijaribu kuuosha ukaupika. Maji huondoa utelezi wa juu tu, na moto, ingawa huwaua bakteria, hauondoi kila sumu waliyokwisha kuitoa. Tupa.

Halafu nusa. Pakiti iliyofungwa huwa na hewa nzito hata kama uyoga ni mzima, kwa hiyo ifungue, iache dakika 5, unuse tena. Uyoga mzima hunukia kama udongo ulionyeshewa. Ukisikia shombo, uchachu, au harufu kali kama ya mkojo, umekwisha. Uyoga chaza, uitwao oyster kwa Kiingereza, ndio hasa unaowahi kutoa harufu hiyo.

Rangi hudanganya. Doa la kahawia kwenye uyoga mweupe huenda likawa mchubuko wa safari tu. Libonyeze: likiwa gumu, kata hapo na kilichobaki kipikwe; likizama na kutoa majimaji, huo ni uozo. Matamvua ya chini ya kofia yakifunguka na kuwa meusimeusi, uyoga umekomaa, haujaoza. Ulionyauka bila ute wala harufu pia unafaa kwa mchuzi, ila upikwe siku hiyo hiyo.

Utando mweupe kama pamba kwenye shina la uyoga chaza huwatisha wengi bure, kwani mara nyingi ni nyuzi za uyoga wenyewe. Kuvu ya kijani, bluu au nyeusi ni jambo jingine: tupa wenye kuvu pamoja na wote uliogusana nao.

Vipimo hivi ni vya uyoga wa kupandwa tu. Uyoga wa porini waweza kuwa mkavu, wenye harufu nzuri, na ukaua.

Ukinunua soko la Kongowea nawe unavuka kwa feri ya Likoni, uweke juu kabisa ya kikapu, mbali na jua; ukilaliwa na viazi utafika umechubuka, na kuoza huanzia pale pale. Nyumbani, pakiti ya gramu 250 iliyovikwa plastiki ifungue, kwani uyoga hupumua na unyevu wake hunaswa humo. Uhamishie kwenye mfuko wa karatasi bila kuuosha, uweke kwenye rafu yenye nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi. Uyoga mweupe mzima hukaa siku 5 hadi 7, chaza 3 hadi 5, uliokatwakatwa 2 au 3. Umeme ukipotea zaidi ya saa 4, usihesabu siku tena. Ukague upya, na ulio mzima uupike usiku huo huo.